Chini ya Laini Kubwa: Uga wa Umeme Unavyopimwa Handeni na Korogwe

Hale, wilayani Korogwe, ni njiapanda ya umeme. Hapo Mto Pangani ulianza kuzungusha mitambo ya megawati 21 mwaka 1964, na hapo laini za kilovolti 132 zinaachana. Moja inateremka Tanga. Nyingine inapanda kaskazini-magharibi kupitia Korogwe na Same hadi Kiyungi, karibu na Moshi. Ya tatu inashika njia ya kusini, inakata Wilaya ya Handeni na kuelekea Chalinze hadi Ubungo, Dar es Salaam. Watu wa wilaya hizi mbili wamelima, wamechunga na wamejenga jirani na umeme mkubwa kwa miongo sita, wengi wao wakiwa hawana hata taa moja ya umeme ndani ya nyumba.

Swali lao ni moja: hizi nyaya zinatudhuru? Limekuwa likijibiwa kwa namna mbili, na zote hazina tarakimu. Huyu anasema ondoeni hofu, yule anasema saratani. Kati yao kuna kazi ya siku moja tu, nayo ni kupima uga wa umeme chini ya waya, hatua kwa hatua, na kuandika kilichoonekana. Kazi hiyo ni rahisi kuiharibu kuliko inavyodhaniwa. Ikifanywa sawasawa kwenye laini zilizopo, majibu yake yanatuliza. Lakini faida yake kubwa iko mbele, kwenye laini ya kilovolti 400 ambayo mpango wake wa muda mrefu unaitoa Chalinze, unaipitisha Segera na kuifikisha Arusha.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mazungumzo ya vijiweni huvichanganya. Waya wenye umeme unazungukwa na uga wa umeme na uga wa sumaku. Uga wa umeme unatokana na volti. Uga wa sumaku unatokana na ampea, yaani umeme unaotembea ndani ya waya. Fikiria bomba la maji: presha ipo hata koki ikiwa imefungwa, lakini mwendo wa maji upo pale tu mtu anapofungua. Volti ndiyo presha. Ndiyo maana uga wa umeme chini ya laini ya Hale–Chalinze haubadiliki sana kati ya saa nane usiku na saa mbili usiku, ilhali uga wa sumaku unapanda jioni watu wanapowasha taa na pasi, kisha unashuka wakilala.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu hofu ya saratani ilizaliwa kwenye sumaku. Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wao wa mji wa Denver, Marekani, uliohusisha saratani ya damu ya watoto na aina ya nyaya zilizopita jirani na nyumba zao. Tafiti nyingi zilifuata. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka uga wa sumaku wa masafa ya umeme wa majumbani katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi ulioelezwa kuwa finyu. Uga wa umeme uliwekwa kundi la 3, maana yake ushahidi uliokuwepo haukutosha kuuainisha upande wowote. Kwa hiyo anayepima kilovolti kwa mita ili kujibu swali la saratani amekamata kifaa kisichohusika. Swali hilo linahitaji kipima sumaku, tena kinachoachwa ndani ya nyumba kwa saa nyingi, kwa kuwa tafiti zilizozua shaka zilihusu wastani unaozidi mikrotesla 0.3 au 0.4 kwa muda mrefu.

Uga wa umeme una hadithi yake, iliyoanzia Urusi ya Kisovieti. Miaka ya 1960 mafundi wa vituo vya kilovolti 500 walilalamika kuumwa kichwa, kuchoka na kukosa usingizi, na madaktari wao wakayaandika. Watafiti wa Magharibi waliporudia uchunguzi huo hawakupata picha ileile. Hata hivyo Wasovieti waliweka viwango vikali ambavyo urithi wake unaonekana Urusi hadi leo: kilovolti 1 kwa mita katika maeneo ya makazi, na nusu yake ndani ya nyumba. Kiwango kinachotumika zaidi duniani ni cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi isiyo ayonisha: kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, kilovolti 5 kwa mita kwa raia na 10 kwa wafanyakazi. Tume hiyo iliandika namba hizo mwaka 1998 na ikazibakiza ilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2010.

Namba 5 haikuchorwa kama mstari wa kufa na kupona. Imejengwa juu ya mambo yanayohisika papo hapo: kusisimka kwa neva, nywele za mkono kutikisika, cheche ndogo kati ya kidole na bati. Tathmini ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007 inaeleza kuwa mtu mmoja kati ya kumi anaweza kuhisi uga wa kilovolti 2 hadi 5 kwa mita. Kwenye uga wa 5, asilimia 7 ya waliojaribiwa waliona cheche inayotoka mwilini kwenda ardhini inauma. Ni maudhi, na yeyote aliyewahi kushika mlango wa gari lililoegeshwa chini ya laini kubwa anayafahamu.

Sasa twende shambani. Chagua nafasi kati ya nguzo mbili mahali palipo tambarare na pasipo na miti. Kwenye mkuza wa umeme, ule ukanda unaofyekwa chini ya laini, si vigumu kupapata. Usisimame chini ya nguzo. Nenda katikati, pale waya unapoinama zaidi, kwa kuwa waya unapokaribia ardhi ndipo uga chini yake unapokuwa mkali. Tandaza futi ya utepe kutoka chini ya waya wa kati kwenda pembeni, mraba na laini, mpaka nje ya mkuza. Kila baada ya mita 1 au 2 weka kifaa kwenye kigoda cha miguu mitatu kisichopitisha umeme, kitovu chake kikiwa mita 1 juu ya ardhi. Kimo hicho hakikuchaguliwa ovyo, ndicho kinachotajwa kwenye viwango vya kimataifa vya upimaji vya IEEE na IEC ili vipimo vya Korogwe viweze kulinganishwa na vya nchi nyingine.

Kisha ondoka. Hili ndilo wengi wanaloliharibu. Mwili wa binadamu unapitisha umeme vizuri mno kulinganisha na hewa, kwa hiyo ukisimama kwenye uga unaupinda wote. Juu ya utosi wako uga unakuwa mkali zaidi ya mara kumi, na mbele ya kifua chako unapungua. Mtu aliyeshika kipima uga mkononi anapima mwili wake zaidi ya anavyopima laini: akikiinua juu ya kichwa atapata namba ya kutisha, akikibana kifuani atapata namba ya kubembeleza. Utaratibu wa IEEE unataka msomaji awe mbali mita 2.5 au zaidi. Vifaa vya zamani vilining'inizwa kwenye mpini mrefu wa plastiki ngumu na kusomwa kwa mbali. Vya sasa hutuma matokeo kwa uzi wa mwanga, ili pasiwe na waya wa shaba unaoingia eneo la kipimo na kuupotosha uga.

Simu ya mkononi haifai kabisa kwa kazi hii, na inafaa kusemwa waziwazi kwa kuwa programu zinazojiita vipima mionzi zimejaa madukani mwa simu. Ndani ya simu mna kihisi cha sumaku kilichowekwa kwa ajili ya dira. Hakina habari na uga wa umeme. Namba inayorukaruka kwenye kioo ukiwa chini ya laini ni sumaku ya dunia, ya simu yenyewe na ya kisu kilicho mfukoni.

Unyevu nao ni adui. Mpini ulioshika umande unaanza kupitisha umeme kidogokidogo, na namba zinapotoka bila kifaa kutoa onyo lolote. Asubuhi za Korogwe, bonde likiwa bado na ukungu uliotoka Usambara, si wakati wa kazi hii. Subiri jua likaushe majani. Jua likipanda, jambo jingine linaanza: waya unapata joto, unarefuka, unainama. Mchana wa Januari waya unaweza kuwa chini kuliko ulivyokuwa alfajiri, na uga chini yake ukapanda ingawa volti ni zilezile. Kwa hiyo mpimaji makini anaandika pia saa, joto la hewa na kimo cha waya wakati huo, akikipima kwa kifaa cha leza au cha mawimbi ya sauti kutoka ardhini. Kimo cha waya hakipimwi kwa fito wala ngazi. Hilo si suala la usahihi, ni la uhai.

Halafu kuna mimea. Mahindi ya kimo cha mita 2 yana maji ndani yake na yamesimama ardhini, hivyo yanauziba uga karibu wote chini ya ncha zake. Mahali palepale Handeni, ukipima kabla ya kupanda na ukarudi mahindi yakiwa yametoa mbelewele, utapata majibu mawili yasiyofanana hata kidogo, na yote ni ya kweli. Kanuni ya kazi inataka kifaa kikae mbali na kitu kama hicho angalau mara tatu ya kimo chake, kwa hiyo mita 6 kutoka kwenye mahindi hayo. Kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe ni kazi zaidi. Majani ya mkonge ni mafupi na yanaacha nafasi, lakini mmea ukizeeka unatoa mlingoti unaopanda mita kadhaa, na mlingoti mmoja tu katikati ya mkuza unatosha kuvuruga mstari mzima wa vipimo. Unatosha pia kuusogelea waya kwa namna asiyoitaka yeyote, lakini hilo ni suala la mafundi wa kufyeka.

Kabla ya yote, kifaa kisahihishwe. Njia yake ni nyepesi kiasi kwamba chuo chochote chenye maabara ya umeme kinaiweza: mabamba mawili ya chuma yanayotazamana, umbali unaojulikana, volti zinazojulikana. Mabamba yakiachana sentimita 75 na kupewa volti 750, katikati yake uga ni kilovolti 1 kwa mita. Kifaa kikisema 1.3, kirudi kwa fundi. Hata kazi iliyofanywa vizuri hubaki na wasiwasi wa karibu asilimia 10, kwa hiyo ripoti inayotoa tarakimu tatu baada ya nukta inamfumba msomaji macho.

Tutegemee namba gani? Hesabu ya mezani inatosha kutoa picha, nami nimeifanya hapa kwa laini ya kufikirika ya kilovolti 132: nyaya tatu zilizopangwa sambamba kwa kimo kimoja, zikiachana mita 4.5, kila mmoja na nusu kipenyo cha sentimita 1. Waya ukiwa mita 10 juu ya ardhi, uga chini ya waya wa pembeni ni karibu kilovolti 0.9 kwa mita. Ukishuka hadi mita 7, unakuwa karibu 1.9. Mita tatu tu za kuinama zimeuzidisha maradufu. Kwa kimo hichohicho cha mita 7, ukisimama mita 20 kutoka katikati ya laini uga umeshashuka hadi karibu 0.3. Uingereza, ambako vipimo vya aina hii vimefanywa kwa wingi, laini za kilovolti 132 huzaa kwa kawaida kilovolti 1 hadi 2 kwa mita chini yake. Hesabu na vipimo vinasalimiana.

Kuna jambo dogo ndani ya hesabu hiyo ambalo humshangaza anayepima kwa mara ya kwanza. Sehemu kali kuliko zote haiko chini ya waya wa kati. Nyaya tatu hazipandi na kushuka kwa pamoja, zinapokezana, kwa hiyo katikati zinafutana kwa sehemu. Kwa kimo cha mita 7, chini ya waya wa kati unapata kilovolti 1.0 tu kwa mita, na kilele kiko chini ya nyaya za nje na kupita hapo kidogo. Mchoro wa vipimo unatoka na nundu mbili na bonde katikati. Ukiletewa ripoti ya laini ya mpangilio huu yenye nundu moja nzuri katikati, uliza maswali.

Kwa hiyo chini ya laini zilizopo Handeni na Korogwe, maadamu waya haujalegea kupita kiasi, uga uko chini ya nusu ya kiwango cha kilovolti 5. Umeme unaopita mwilini mwa mtu mzima aliyesimama hapo unakadiriwa kwa urahisi: mikroampea 14 au 15 kwa kila kilovolti 1 kwa mita. Kwenye uga wa 1.9 hazifiki hata mikroampea 30, wakati binadamu huanza kuhisi umeme mkononi kwenye mikroampea 500 hadi 1,000. Ndani ya nyumba uga wa laini hupungua sana, kwa kuwa ukuta wa udongo au tofali na paa la bati huuzuia. Humo, vyombo vya ndani ndivyo vinavyoongoza. Orodha ya Kijerumani ya mwaka 1999 inayonukuliwa na Shirika la Afya Duniani inataja volti 120 kwa mita kwa pasi na kwa jokofu, na volti 5 kwa balbu, umbali wa sentimita 30. Hapa sumaku inatofautiana tena, maana ukuta hauizuii.

Lakini nisingependa mwenyekiti wa kijiji aishie hapo akafunga mkutano. Yapo mambo ambayo uga wa kilovolti 1 unayafanya vizuri sana, na kubwa ni kuchaji vyuma. Chukua uzio wa seng'enge uliofungwa kwenye fito kavu za mti, urefu wa mita 500, ukienda sambamba na laini ndani ya mkuza, waya wake ukiwa mita 1 kutoka ardhini. Fito kavu hazipitishi umeme, kwa hiyo uzio unaelea. Mahali penye kilovolti 1 kwa mita unaweza kupanda hadi karibu volti 1,000, na anayeushika anapitisha karibu miliampea 1. Haiui. Lakini inashtua, na mchungaji anayeruka nyuma akiwa na panga mkononi ana sababu ya kulalamika. Mvua ikinyesha fito zinalowa, umeme unavuja kwenda ardhini na uzio unapoa. Kiangazi unarudi. Ndiyo maana malalamiko ya aina hii huja kwa misimu, na anayekuja kukagua siku ya mvua hukuta hakuna kitu na kuondoka akidhani ameitwa bure.

Testa ya fundi wa kawaida, ile yenye kijitaa cha neoni, inawaka ukiigusisha kwenye uzio wa namna hiyo. Ni ushahidi unaoonekana kwa macho, ingawa si kipimo, kwa sababu testa haisemi ni kiasi gani. Mwaka 2004 msanii Richard Box alisimika mirija 1,301 ya taa chini ya laini za kilovolti 400 karibu na Bristol, Uingereza, na usiku ikawaka bila kuunganishwa na kitu chochote. Picha zake zilizunguka dunia na wengi wakazisoma kama uthibitisho wa hatari. Zilithibitisha tu kwamba uga upo, na kwamba mrija wa taa unahitaji umeme mdogo mno ili kuonyesha mwanga hafifu.

Dawa ya uzio ni rahisi: nondo iliyopigiliwa ardhini na kufungwa kwenye seng'enge, tena katika sehemu kadhaa za urefu wake. Lori refu la kubebea mkonge halipaswi kuegeshwa chini ya waya wakati wa kupakia. Paa la bati lililo jirani na mkuza liunganishwe na ardhi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaalamu kutoka mbali, na yote yanapunguza maudhi kuliko semina tatu kuhusu mionzi.

Kuna hatari nyingine ambayo kipima uga hakiioni kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza katika wilaya hizi. Ni moto. Kuchoma mashamba kabla ya kupanda ni desturi ya zamani, na ndimi za moto na moshi mzito chini ya waya hudhoofisha hewa inayotenga waya na ardhi. Umeme ukiruka, laini inajizima kwenye kituo na mikoa iliyo mbali inabaki gizani. Aliye karibu na mahali uliporuka hana muda wa kusoma kiwango cha ICNIRP. Vivyo hivyo kwa bomba refu la umwagiliaji linaloinuliwa wima chini ya waya. Anayeogopa uga asioweza kuuona huku akichoma magugu chini ya laini amepanga hofu zake kinyume.

Nani apime? Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania usimamizi wa vyanzo vya mionzi ayonisha na isiyo ayonisha, na hupima pia minara ya simu. Shirika la umeme, TANESCO, linamiliki laini na lina mafundi wanaozijua nguzo kwa namba zake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kujengwa, na hapo taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira inaingia. Kila ofisi ina kipande chake. Kinachokosa mwenyewe ni ukurasa mmoja unaoeleweka kijijini: nguzo namba fulani hadi fulani, tarehe, saa, kimo cha waya, uga kwa kila mita. Mtendaji wa kata akiwa na ukurasa huo kwenye faili, mjadala wa fidia unabadilika sura.

Maana fidia ndiyo moyo wa mambo. Mwanakijiji anayeuliza kuhusu mionzi mara nyingi anauliza kuhusu ardhi kwa mlango wa nyuma. Mkuza ukishapimwa na nyumba zikapakwa X, anataka kujua kwa nini mpaka umepita hapa na si pale. Uga wa umeme hautoi jibu lote. Upana wa mkuza hupangwa pia kwa kuyumba kwa waya kwenye upepo, kwa mti unaoweza kuangukia laini na kwa nafasi ya magari ya matengenezo. Mtu aliye mita 25 kutoka katikati ya laini ya 132, akiambiwa aondoke kwa sababu ya mionzi, ameambiwa sababu ambayo vipimo haviiungi mkono, hata kama zipo sababu nyingine za haki. Ni afadhali aambiwe hizo.

Na lipo dukuduku jingine ambalo halipimiki kwa kifaa, la kuishi chini ya umeme wa wenzako. Kilovolti 132 haziwezi kuingizwa nyumbani. Zinahitaji kituo cha kupozea hadi kilovolti 33, kisha transfoma hadi volti 400 na 230, na kituo kimoja kinagharimu kuliko vijiji vingi vinavyokizunguka vinavyoweza kulipia. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umeipunguza hali hiyo sana. Lakini ukizungumza na mzee aliyetazama waya huo juu ya shamba lake tangu ujana wake, usitegemee aanze na kilovolti kwa mita.

Tufike kwenye 400. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na megawati 2,115, linatuma umeme wake Chalinze kwa laini ya kilovolti 400 ya kilomita 160. Kutoka hapo kwenda Kanda ya Kaskazini njia za zamani ni ndefu na nyembamba kwa mzigo wa leo. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Kilimanjaro, alieleza kuwa umeme unaosafirishwa kutoka kusini hupotea mwingi njiani, na ndiyo sababu serikali ilifikiria kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda hiyo. Hata hilo likifanyika, laini kubwa zaidi kupita Handeni na Korogwe itabaki mezani, kwa sababu jiografia haina njia nyingine nyepesi kati ya Chalinze na milima ya Usambara.

Hesabu ileile ya mezani, kwa nyaya za kilovolti 400 zinazoachana mita 10, kila mmoja ukiwa ni shada la nyaya nne, inatoa picha tofauti kabisa. Kwa kimo cha mita 8, uga chini ya waya wa nje unakaribia kilovolti 11 kwa mita, mara mbili ya kiwango cha raia. Waingereza wanaufahamu ukubwa huo kwenye laini zao zinazoinama zaidi. Kwa mita 12 unashuka hadi karibu 6. Kwa mita 15 unakuwa karibu 4, na hapo ndipo mkulima anapoweza kupalilia chini yake ndani ya kiwango. Tofauti ya mita 8 na mita 15 inaamuliwa kwenye meza ya mhandisi, kwa kurefusha nguzo au kuzisogeza karibu, na kila mita ina bei yake.

Kwa hiyo kipimo chenye faida kuliko vyote ni kile kinachofanywa kabla nguzo ya kwanza haijasimama: kwenye mkuza wa 132 uliopo, kwenye mashamba ambako laini mpya itapita, na ndani ya nyumba chache zilizo kando yake. Bila hicho, miaka kumi baadaye hakuna atakayeweza kusema kilichoongezeka. Hati za mradi zikiletwa kijijini, kurasa nyingi zitahusu upana wa mkuza, kwa kuwa upana ndio unaozaa fidia. Kinachotakiwa kutafutwa humo ni kimo cha chini kabisa cha waya juu ya ardhi, kwa joto la juu kabisa la waya, katika kila nafasi kati ya nguzo inayopita shamba linalolimwa. Kama hakimo, mkutano wa kijiji una haki ya kukidai kabla ya kuweka saini.